Kabla Akogo Haijalia

Spoku ya baiskeli ikikatika mjini Busia, si lazima iishie jalalani. Ikiangukia mikononi mwa anayejua, hunyooshwa, hugongwa kwa nyundo mpaka iwe bapa, hupigwa tupa, kisha hulia. Na spoku hapa hazijawahi kuadimika. Ni kwenye mpaka huu ambapo, katika miaka ya 1960, vijana walianza kubeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda na kurudi, kazi iliyosambaa baadaye Afrika Mashariki nzima na kuitwa bodaboda. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya biashara hiyo, lakini baiskeli hazijaisha, na kwenye vibanda vya wanaozikarabati bado utakuta mikebe iliyojaa spoku zilizopinda. Mtengeneza akogo huinamia mikebe hiyo akichagua moja moja. Anaikunja kidogo kati ya vidole, anaiachia, na kutazama kama imerudi kwa nguvu.

Akogo ni ala ya Wateso: sanduku dogo la mbao lenye ndimi za chuma zilizopangwa juu yake, na mpigaji huzibonyeza na kuziachia kwa vidole gumba. Kwingine ina jamaa zake. Wagogo wa Dodoma wana ilimba, Waacholi na Walango wana lukeme, na watu wengi wa mjini husema kalimba tu, basi. Wateso wenyewe wako pande zote mbili za mpaka. Upande wa Kenya utawakuta Amagoro, Malaba, Amukura, Chakol na Angurai; upande wa Uganda wako Tororo, na mbele zaidi Kumi, Ngora na Soroti. Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda wakaiunganisha na nchi ambayo leo ni Kenya, na baada ya hapo koo zilizokuwa zikizikana na kuozana zikajikuta chini ya serikali mbili. Harusi, matanga na nyimbo viliendelea kuvuka.

Nataka kuitazama kazi ya kutengeneza akogo polepole, kwa sababu msimu wa maonyesho unapofika, akogo hupewa dakika chache jukwaani kisha kikundi kingine kinaitwa. Watu hupiga makofi, watoto huigiza mabega ya wachezaji njiani wakirudi nyumbani, na karibu hakuna anayejua kilichofanyika kabla. Nami naamini kwamba onyesho la akogo huamuliwa kabla halijaanza: pale nyuma ya darasa au chini ya mti, masanduku kadhaa yanapofundishwa kukubaliana.

Tuanze na sanduku. Fundi ninayemjua huku Amukura, ambaye alijifunza kwa mjomba wake upande wa Tororo, hupenda mbao ya mutere, kwa kuwa ni nyepesi na haisumbui patasi. Lakini anasisitiza ukavu kuliko jina la mti. Mbao mbichi ikichongwa leo, kesho itapasuka au itajipinda, na ndimi zote zitahama mahali pake. Kwa hiyo vipande hukaa darini, juu ya moshi wa jikoni, mpaka avigonge kwa kifundo cha kidole na kusikia vinaitika. Kisha anakwangua ndani kwa patasi na kwa kisu kilichokunjwa ncha, akiacha kuta nene kiasi na uso mwembamba. Uso ndio unaotetemeka. Ukiwa mnene, sauti inabaki ndani ya chuma na mpigaji anachoka bure. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, sauti inaruka juu mara moja na kufa. Hana kipimo cha unene. Anachonga, anageuza sanduku, anagonga, anachonga tena, na kila kugonga kunamwambia abakishe au aondoe.

Mgongo wa sanduku hufunikwa kwa ubao mwembamba unaogandishwa kwa gundi na kubanwa kwa kamba usiku kucha. Tundu moja hutobolewa usoni. Jingine, dogo, hutobolewa mgongoni, mahali ambapo kidole cha kati cha mkono wa kushoto hufika chenyewe mtu anaposhika sanduku. Hilo la mgongoni ndilo ambalo wengi hawalioni kamwe. Mpigaji hulifunika na kulifunua huku vidole gumba vikiendelea na kazi yake mbele, na sauti inafungwa na kufunguliwa, inanung'unika na kuita. Mtu aliyeketi mbali husikia tu kwamba ala inasema. Aliyeketi karibu ataona kidole kimoja kikifanya kazi kimyakimya nyuma ya sanduku, na akishakiona hataacha kukitazama.

Halafu ndimi. Hapa ndipo subira inapopimwa. Spoku hukatwa vipande kwa koleo, kisha hugongwa juu ya fuawe, ambayo mara nyingi ni kipande cha reli au kichwa cha nyundo kubwa kilichozikwa kwenye gogo. Zamani misumari mikubwa na mbavu za miavuli zilitumika sana, na mbavu za mwavuli bado zina heshima yake kwa sababu zimetengenezwa kwa chuma chenye mnepo tangu mwanzo. Kugonga chuma bila moto hukikaza na kukiongezea mnepo. Kukitia moto hukilainisha, kikawa rahisi kufinyanga lakini kikapoteza ule uwezo wa kurudi. Fundi huyu huutumia moto kwa uchache, kwa chuma kigumu mno tu, na akishakitoa hukigonga baridi tena mpaka kiamke. Ncha huachwa pana kidogo ili isimkate mpigaji, na kila ukingo husuguliwa kwa msasa. Kidole gumba cha mtoto wa darasa la sita hakina sugu. Ncha ikiwa na makali, mazoezi ya jioni moja yatamfukuza kwenye akogo maisha yake yote.

Ulimi wa chuma uliobanwa upande mmoja haufuati hesabu ya uzi wa gitaa. Uzi ukifupishwa nusu, mitetemo yake huwa maradufu, yaani sauti inapanda oktava moja. Ulimi ukifupishwa nusu, mitetemo huongezeka mara nne, na sauti inapanda oktava mbili. Maana yake kwa mwenye koleo na nyundo ndogo ni kubwa: akiusukuma ulimi ndani kwa unene wa kucha, tayari amevuka sauti aliyoitaka. Ndiyo maana hasukumi. Anagusa. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye mkia wa ulimi, anaipiga kwa kipini cha kisu, anasikiliza. Anaipiga tena upande wa pili kuurudisha nusu ya alichousogeza. Zipo njia nyingine pia. Ukipunguza chuma kwa tupa kwenye ncha, ulimi unakuwa mwepesi na sauti inapanda. Ukipunguza karibu na pale unapobanwa, ulimi unalegea na sauti inashuka. Ukibandika tone la nta chini ya ncha, sauti inashuka kidogo sana, na nta inaweza kubanduliwa kesho. Tupa hairudishi ilichokula, kwa hiyo fundi mwenye busara hufika kwenye nta mapema na kwenye tupa kwa kuchelewa.

Ndimi hubanwa kwa utaratibu wa vipande vitatu. Nyuma na mbele kuna vijiti viwili vya kuegemea, na katikati kuna kijiti cha kukandamiza kinachofungwa kwa waya unaopita kwenye matundu ya sanduku. Matundu hayo hutobolewa kwa msumari uliotiwa moto, kwa sababu keekee hupasua mbao nyembamba. Waya ukikazwa visivyo sawa, upande mmoja utalia vizuri na mwingine utakoroma. Sasa, kuna mkoromo unaotakiwa. Kwenye ndimi nyingine fundi huvisha vikuku vidogo vya waya au bati, vikikaa legelege karibu na mahali ulimi unapobanwa, ili kila ulimi ukilia uwe na mvumo pembeni yake. Wageni waliozoea kalimba za kuuzwa madukani, zile zilizosafishwa kila mvumo, huuliza mara nyingi kama ala imeharibika. Haijaharibika. Mvumo huo huijaza nafasi kati ya pigo na pigo, na bila huo akogo husikika imekauka.

Ndimi ndefu hukaa katikati, na zinafupika kuelekea pembeni, kwa hiyo sauti nzito ziko pale vidole gumba vinapokutana na nyembamba ziko kwenye kingo. Muziki huu hutembea juu ya sauti tano ndani ya oktava. Fundi huanza na ulimi wa katikati, ule mrefu kuliko wote, na haulinganishi na kitu chochote kilichoko nje ya sauti yake mwenyewe. Anaimba. Anaimba mwanzo wa wimbo anaoujua tangu utoto, na ulimi unapaswa kumfuata mahali anapoimba bila kujikaza. Kisha anatafuta mwenzake wa oktava ya juu, anazipiga zote mbili kwa pamoja, na kusikiliza lile wimbi linalopanda na kushuka sauti mbili zinapokaribiana bila kulingana. Wimbi likienda haraka, bado ziko mbali. Likipunguza kasi, zinakaribia. Likitulia, anaacha. Ukiwa umeketi karibu naye kwa muda, na wewe unaanza kulisikia hilo wimbi, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini hataki kuzungumzishwa.

Mpaka hapa tumetengeneza akogo moja, na akogo moja inatosha kabisa kwa shughuli ambayo ilizoea kuifanya. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeandika kitabu kuhusu Wateso wa Kenya mwaka 1978 na baadaye makala mashuhuri juu ya unywaji wao wa pombe, ameeleza jinsi watu wanavyoketi kuzunguka chungu kimoja cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na jinsi kukaa huko kulivyo na adabu na mpangilio. Ala ya sanduku dogo inaenea vizuri kwenye duara la namna hiyo. Msikilizaji yuko umbali wa mkono. Mwimbaji anaweza kumtaja aliye mbele yake, akamsifu, akamkumbusha deni la ng'ombe, na kila neno likafika.

Jukwaa ni habari nyingine. Uwanja wa shule Amagoro una upepo, una watoto mia kadhaa, una lori linalobadilisha gia kwenye barabara ya Malaba. Sanduku la inchi chache litasikika wapi? Jibu lililopatikana Uganda na kuletwa huku ndilo ninaloliona kuwa uvumbuzi wa kweli wa muziki huu: akogo ziliongezwa, na zikapewa ukubwa tofauti. Ndogo huchukua sauti za juu na mapigo ya haraka. Za kati hubeba wimbo. Kubwa huwekwa chini, mpigaji akiwa ameketi nyuma yake, na ndimi zake ni vyuma vipana ambavyo hakuna spoku ingeweza kuvitoa. Hizo hutafutwa kwa mafundi wa jua kali, kwenye mabaki ya vyuma bapa. Kikundi kizima kikikaa nusu duara, wimbo hautoki kwa mtu mmoja tena. Kila mpigaji ana kipande kifupi anachokirudia, na vipande vinaingiliana, hiki kikijaza pengo la kile, mpaka sikio linasikia mstari ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga wote.

Wapo wanaotumia maikrofoni badala yake, na kwenye kumbi kubwa hakuna njia nyingine. Lakini maikrofoni moja mbele ya akogo moja huokota vikuku na kucha kuliko mbao, na sauti inayotoka kwenye spika ni ya bati. Wanaojua huielekeza kwenye tundu la uso, si kwenye ncha za ndimi, na huiweka mbali kidogo. Kama ningepewa kuchagua, ningechagua akogo kumi zisizo na maikrofoni.

Kumi hizo lakini zina tatizo ambalo moja haina: lazima zilingane. Na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Asubuhi ya onyesho, kiongozi wa kikundi anaichukua akogo moja ya kati na kuiita mama. Hiyo ndiyo iliyotulia kuliko nyingine, mara nyingi ni nzee, mbao yake imeshakauka mpaka haina tena la kubadilisha. Wengine wote wanakuja kwake mmoja mmoja. Mtoto anapiga magoti, anapiga ulimi wake wa kwanza, kiongozi anapiga wa mama, wote wawili wanatega sikio. Kiongozi haoneshi kwa neno kama sauti iko juu au chini. Anasubiri mtoto aseme. Mtoto akikosea, sauti hizo hupigwa tena, bila karipio, na tena, mpaka mtoto mwenyewe auguse mkia wa ulimi kwa bisibisi na kuusogeza upande unaofaa. Ni kazi ya polepole isiyovumilika kwa anayetazama saa. Kiongozi anayeitimiza mwenyewe kwa haraka atakuwa na ala zilizolingana siku hiyo. Anayewaachia watoto atakuwa na kikundi kinachojua kujirekebisha chenyewe ulimi ukihama katikati ya wimbo.

Na ndimi huhama. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta unyevu unaovimbisha mbao, na Busia haiko mbali na Ziwa Viktoria. Jua la saa sita likilipiga sanduku lililoachwa kwenye nyasi, chuma kinapanuka na nta inalainika. Kidole gumba chenye nguvu kinaweza kuusukuma ulimi kidogo kidogo kwa muda wa nyimbo mbili. Kwa hiyo ala hufunikwa kwa kanga au shuka mpaka dakika ya mwisho, na kikundi kikiitwa, kila mtu hupitisha kidole gumba juu ya ndimi zote mara moja, taratibu, kutoka ukingo hadi ukingo. Hadhira hudhani wimbo umeanza.

Historia ya ala hii si ndefu kama watu wanavyopenda kuamini, na hilo haliipunguzii chochote. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyeufuatilia muziki wa Afrika kwa miongo mingi, ameonyesha jinsi aina hii ya sanduku lenye ndimi, likembe, ilivyopanda kando ya mto Kongo mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na wasafiri na wapagazi, na jinsi ilivyoingia Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ikibebwa hasa na vibarua Waalur waliokuja kutafuta kazi. Kutoka hapo Wasoga, Wagwere, Wateso na wengine waliichukua, wakaipa nyimbo zao na mpangilio wao wa sauti. Ala iliyofika mikononi mwa watu wa kazi za vibarua, ikajengwa upya kwa vyuma vya watu wa kazi za baiskeli: naona ukoo mmoja hapo. Kabla yake Wateso walikuwa na vyombo vingine, na upande wa Kenya bado wako wanaopiga adeudeu, kinubi cha shingo ya upinde, ambacho kinastahili makala yake chenyewe.

Nani aliifikisha jukwaani? Kwa sehemu kubwa, walimu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kwa miaka mingi halikuwa na nafasi kwa ala kama hii. Baadaye nyimbo na ngoma za kienyeji zilipewa vitengo vyake, na shule zikaanza kutafuta wazee wa kuzifundisha. Mtu mmoja ninayemheshimu sana katika habari hii ni George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda aliyefanya kazi ya muziki Kenya. Alikuwa miongoni mwa watano walioutayarisha wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, na mwaka 1986 kitabu chake juu ya muziki wa asili wa Kenya kilichapishwa, kikiwaeleza walimu ala za jamii mbalimbali na namna zinavyopigwa. Mwaka 1984 Tume ya Rais kuhusu Muziki, iliyoongozwa na Washington Omondi, mwenzake wa ile kazi ya wimbo wa taifa, ilitoa ripoti iliyosisitiza muziki wa Kenya katika shule na maisha ya umma. Ripoti hazipigi ala, lakini ziliwapa walimu wa vijijini neno la kumwonyesha mwalimu mkuu alipouliza kwa nini watoto wako uwanjani saa kumi jioni wakigonga vyuma.

Ng'ambo ya mpaka, kundi la Ndere lililoanzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi lilifanya jambo ambalo kwetu Busia bado halijafanyika: kujenga mahali pa kudumu pa maonyesho ya familia. Kituo cha Ndere, Ntinda, Kampala, kina jukwaa la wazi, nyasi, viti vya ngazi, na jioni ambazo wazazi huja na watoto wao kuziona ngoma za Uganda moja baada ya nyingine, akogo ya Wateso ikiwemo. Rwangyezi mwenyewe huzungumza na hadhira kati ya ngoma na ngoma, akieleza kwa nini wachezaji wanafanya wanachofanya. Nalipenda hilo. Mtoto wa Kampala ambaye hajawahi kufika Soroti anaambiwa cha kusikiliza kabla hakijaanza. Kule Bagamoyo, Tanzania, Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa, kimekuwa na tamasha lake la kila mwaka, na ndiko Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alikofundisha na kupiga ilimba zake kubwa, nyingine zikiwa na ndimi zaidi ya 60. Wazia kulinganisha ndimi 60.

Busia ina kituo cha mpakani cha kisasa, kilichozinduliwa na marais wawili mwezi Februari 2018, ambako mizigo ya nchi mbili hukaguliwa mahali pamoja. Ingefaa kuwa na ukumbi wa namna hiyo kwa muziki wa nchi mbili. Wapigaji wako tayari.

Mpaka siku hiyo, tunachonacho ni viwanja vya shule, na si haba. Onyesho lenyewe hufuata mtiririko ambao ukishaujua unaufurahia zaidi. Akogo kubwa huanza, peke yake, ikirudia mapigo machache mpaka uwanja unyamaze. Za kati zinaingia, kisha ndogo, kila moja ikingoja nafasi yake. Kiongozi anaimba mstari, kikundi kinajibu. Wachezaji huingia mwisho, na hapa wengi hutazama mabega na shingo tu, kwa sababu yanavutia. Tazama miguu. Mguu unatua na ulimi mzito wa akogo kubwa, huku mabega yakifuata mapigo ya haraka ya zile ndogo, kwa hiyo mchezaji mzuri ana akogo mbili mwilini kwa wakati mmoja. Msichana anayefanya hivyo bila kutazama chini amefanya mazoezi kwa miezi. Kiongozi akitaka kumaliza, hasemi; anabadilisha kipande chake kidogo, sauti moja tu, na kila mtu aliyesikiliza vizuri tangu asubuhi anajua imebaki duru moja.

Ukitaka kupima kama kikundi ni kizuri, usisubiri mwisho wenye shangwe. Sikiliza pale waimbaji wanaponyamaza na ala kubaki peke yake. Hapo kila ulimi usiolingana hujitangaza, na hapo pia kikundi kilichokaa na mama yake asubuhi nzima hulia kama ala moja.

Mashindano ya shule hufanyika muhula wa pili, yakipanda kutoka shule hadi kaunti ndogo, kaunti, na kanda ya Magharibi, ambako Busia hukutana na Bungoma, Kakamega na Vihiga, kisha taifa mwezi wa Agosti. Ukiweza kwenda mara moja tu na watoto, nenda kwenye ngazi ya kaunti ndogo, Teso Kaskazini au Teso Kusini. Kwenye taifa utakaa mbali na utasikia spika. Huku chini utasimama hatua chache kutoka kwenye nusu duara. Fika mapema, vikundi vikiwa bado chini ya miti, na ukae nyuma ya wapigaji, upande ambao utakiona kile kidole cha kati. Waombe wakimaliza wampe mtoto wako ashike sanduku moja, hawakatai. Tarehe hutangazwa shuleni, kwa hiyo ulizia kwa mwalimu wa muziki wa shule iliyo karibu nawe muhula unapofunguliwa, maana ratiba za ngazi hiyo hutoka kwa kuchelewa na siku yenyewe huisha mapema.